Weka Kivuko Chako: Somo la Safari ya Pikipiki Katika Nchi Usiyoijua



Tuseme mitihani ya Kidato cha Nne imekwisha. Uko nyumbani Dodoma, huna la kufanya. Binamu yako amenunua pikipiki, tena mpya, bado ina nailoni kwenye kiti. Mjomba wenu wa Mahenge anaoza binti yake. Binamu anakuambia, "Twende zetu kwa pikipiki bwana, hela ya basi tutakula njiani." Unacheka, unakubali. Kesho alfajiri safari.

Sasa jiulize. Umewahi kufika Ifakara? Hapana. Unajua Lupiro iko wapi? Hujui. Unajua mvua ikinyesha bondeni barabara inakuwaje? Hujui hilo pia. Basi hiyo kwako ni nchi ya kigeni, hata kama hujavuka mpaka wowote na huhitaji pasipoti.

Wahenga walisema, mgeni ana macho makubwa lakini haoni. Kwa msafiri wa pikipiki msemo huu una uzito wake. Mwenyeji akiona mwanga wa maji kwenye barabara anajua kuna shimo chini yake, wewe unaona dimbwi tu. Mwenyeji akiona kinyesi kibichi cha tembo anapunguza mwendo, wewe unakikwepa na kuongeza gia. Macho yenu yanafanana. Tofauti ni kwamba yeye anajua anachokiona.

Je, mgeni afanye nini ili aone? Jibu liko Kivukoni.

KIVUKONI PALIKUWA NA SOMO

Kutoka Ifakara mjini ukielekea kusini, unaukuta Mto Kilombero. Mahali hapo panaitwa Kivukoni, na jina lenyewe linajieleza. Kwa miaka mingi kila aliyekwenda Mahenge au Malinyi alivushwa hapo kwa kivuko. Ukifika mtoni unazima injini, utake usitake. Unasubiri zamu yako pamoja na malori, mabasi na baiskeli.

Kivuko hakikuwa raha. Mto huu ukijaa una nguvu. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama hapo wakati wa upepo na mvua kali. Hakuna anayetamani siku hizo zirudi. Mei 2018 lilizinduliwa daraja la mita 384, linaloitwa Daraja la Magufuli, na wananchi wa Ulanga na Malinyi wakapumua.

Lakini hebu tazama jambo moja. Wakati ule wa kusubiri, dereva wa pikipiki alishuka. Alinyoosha mgongo, akanywa maji, akakojoa. Alizungumza na waliotoka ng'ambo: "Huko mbele kukoje? Mvua imenyesha?" Akavuka akiwa amepumzika na ana habari za njia.

Leo ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa unalimaliza daraja zima kwa sekunde 23 hivi. Unaingia upande wa pili ukiwa na uchovu uleule na ujinga uleule uliotoka nao Mikumi. Daraja limekuondolea hatari ya maji. Kupumzika na kuuliza sasa ni juu yako.

Somo letu la leo ni hilo tu: weka kivuko chako mwenyewe. Kila baada ya saa moja ya mwendo, na kila unapoingia eneo usilolijua, simama mahali salama, zima injini, shuka, kunywa maji, uliza.

HESABU YA MWENDO

Wewe ni mwanafunzi, kwa hiyo tusiongee kwa kutishana. Tupige hesabu.

Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa sekunde. Ng'ombe akikatiza mbele yako, ubongo wako unahitaji kama sekunde moja kuona, kuamua na kukamata breki. Katika sekunde hiyo umeshakwenda mita 17, na pikipiki haijaanza hata kupunguza mwendo. Ukiwa umechoka, au unajibu simu, sekunde moja inakuwa mbili. Mita 17 zinakuwa 34.

Halafu chukua kanuni ya fizikia ya kitu kinachoanguka. Kugonga ukuta kwa kilomita 60 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 14, yaani jengo la ghorofa nne hivi. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Hapa hakuna cha ujanja wala uzoefu. Fizikia haijui kwamba wewe ni bingwa wa mtaa.

Ndiyo maana kofia ngumu, yaani helmeti, si pambo wala si kitu cha kumwonyesha trafiki. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kuvaa helmeti kunapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini ni lazima ikutoshe na mkanda wake ufungwe kidevuni. Helmeti isiyofungwa inatangulia kuruka kabla hujafika chini. Na ile inayoning'inia mkononi inalinda kiwiko.

KABLA HUJAONDOKA

Kaa chini na binamu yako jioni, mkaguane bila aibu.

1. Leseni na bima. Kama anayeendesha hana leseni ya pikipiki, safari imekwisha kabla haijaanza. Pandeni basi.

2. Watu wawili tu. Dereva mmoja, abiria mmoja, na kila mmoja na helmeti yake. Kupakia mishikaki kunafanya breki ichelewe na pikipiki iyumbe.

3. Mavazi. Suruali nzito, koti la mikono mirefu, viatu vya kufunika mguu. Kandambili ni za bafuni. Kanga, mtandio au baibui lazima ifungwe vizuri, kwa sababu ikinaswa na gurudumu au mnyororo inakuangusha papo hapo.

4. Pikipiki yenyewe. Kagua breki zote mbili, matairi, mnyororo, taa na honi. Beba pampu, viraka na spana.

5. Maji, chakula na huduma ya kwanza. Maji safi ya kunywa, angalau lita moja kwa kila mtu. Bandeji, kitambaa safi, sabuni na glavu. Chandarua nacho kinakunjika, kipakie.

6. Mtu anayejua. Mwambie mama, dada au rafiki: tunapita wapi, tutalala wapi, tutapiga simu saa ngapi. Msipopiga, ajue pa kuanzia kuwatafuta.

NJIANI: MIKUMI HADI IFAKARA

Ukitoka Morogoro kwa barabara kuu ya Iringa unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Humo mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kwa pikipiki, usiku usipite kabisa. Nyati hana taa za nyuma. Ukiwaona tembo kando ya barabara, usisogee kupiga picha. Simama mbali, subiri wavuke, au uende pamoja na gari lililo karibu.

Mikumi mjini unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kidatu. Hapa ndipo pa kuweka kivuko chako cha kwanza. Nenda pale wanapokaa bodaboda. Amkia vizuri. Ukimkuta mzee, "Shikamoo mzee" haipungui chochote, na "Marahaba mwanangu" yake mara nyingi inafuatwa na habari usizozipata kwenye ramani.

Mbele unaingia mashamba ya miwa ya Kilombero. Msimu wa kuvuna kuna matrela marefu yaliyosheheni miwa, na vipande vinadondoka barabarani. Usiyafuate kwa karibu, wala usiyapite kwenye kona.

Ukifika Mang'ula, mkono wako wa kulia unaiona Milima ya Udzungwa. Milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992. Tembo huvuka bonde kati ya milima hiyo na pori la upande wa pili, ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Kwa hiyo hata ukiwa nje ya geti la hifadhi, mashariki na magharibi yako kuna wanyama.

Pia reli ya TAZARA inapita bonde hili. Ukikutana na reli, punguza, tazama pande zote, sikiliza, kisha uvuke ukiwa umenyooka. Ukivuka kwa mshazari, hasa chuma kikiwa na maji, gurudumu linateleza na unalala chini.

Kuhusu lami, usidanganyike. Barabara nzuri ina hatari yake, kwa sababu kila mtu anakimbia na vijiji viko palepale. Watoto wanatoka shule, mbuzi wanavuka, baiskeli zimebeba magunia ya mpunga. Penye makazi ya watu mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, hata kama hakuna trafiki wa kukuona.

MASWALI MATATU YA KIVUKONI

Umefika Ifakara, umejaza mafuta, umefika mtoni. Kabla ya kupanda daraja, simama pembeni mahali salama. Hapo uliza maswali matatu:

"Huko mbele kumenyesha?" Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bonde la Kilombero linajaa maji. Udongo mweusi ukilowa unateleza kama sabuni na kuganda kwenye matairi. Kama maji yanapita juu ya barabara na huoni chini, usivuke kwa kubahatisha. Rudi, subiri, lala. Mjomba ataoza binti yake hata bila wewe, lakini hatafurahi kukuzika.

"Ni sehemu gani watu wanaanguka?" Uliza hivyohivyo. Wenyeji wanazijua kona na mashimo yanayoua. Lupiro njia inagawanyika, moja inakwenda Malinyi na nyingine Mahenge. Hii ya Mahenge inapanda milima, ina kona, na kushuka kwake kunataka gia ndogo, si kukanyaga breki mfululizo.

"Jua likizama tutakuwa wapi?" Kama jibu ni "porini," basi laleni Ifakara. Usiku huoni shimo, huoni ng'ombe, na lori bovu huegeshwa bila taa.

Jambo jingine. Mto unavutia na jua ni kali, lakini usiingie kuoga. Mto Kilombero una mamba na viboko. Na kwenye maji yaliyotuama, mabwawa na mifereji, unaweza kupata kichocho bila kujua. Maji ya kunywa yachemshe.

MBU HANA HARAKA

Sasa tuongee kuhusu hatari isiyopiga kelele. Bonde la mpunga ni bonde la mbu. Ndiyo maana Ifakara ni jina kubwa katika sayansi. Miaka ya 1950 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha hapo maabara ya utafiti, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa vyandarua vyenye dawa, na ilionekana wazi kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Hii inakuhusu vipi wewe msafiri? Mambo mawili.

Kwanza, kama umekulia nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ni kidogo, mwili wako haujazoea vimelea vyake. Malaria inaweza kukushika vibaya kuliko mwenyeji. Lala ndani ya chandarua hata kama umechoka, hata kama wenzako wanakucheka.

Pili, dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo utakuwa umesharudi Dodoma, harusi umeisahau, ndipo homa ije. Usiseme "ni uchovu wa safari." Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, upimwe, na umwambie mhudumu, "Nilikuwa Kilombero wiki mbili zilizopita." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha yako. Ukipewa dawa mseto, maliza dozi yote ya siku tatu hata kama umepata nafuu.

KWA ABIRIA, HASA WASICHANA

Wengi wetu hatuendeshi, tunapakiwa. Abiria naye ana kazi yake.

Panda na kushuka upande wa kushoto, kwa sababu pikipiki nyingi zina bomba la moshi kulia. Bomba likikuunguza, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Vitu hivyo vinazuia joto kutoka na vinaweza kuleta uchafu kwenye kidonda.

Mwambie dereva apunguze mwendo. Akikataa, mwambie asimame, ushuke. Unaona aibu? Aibu ya dakika mbili ni nafuu kuliko mguu wa bandia. Na mtu mwenye harufu ya pombe usipande naye hata kama ni binamu.

Dada msomaji, kuna jambo tuliseme wazi. Ukiwa mgeni, au shule iko mbali, atatokea mtu wa kukupa lifti ya bure leo, kesho na keshokutwa. Lifti ya namna hiyo mara nyingi ina nauli yake, na siku anapoidai utaambiwa "mbona nimekubeba muda wote?" Huna deni. Hakuna lifti inayolipwa kwa mwili wako. Ni bora mpatane bei mapema, ulipe, na umwachie mtu wa nyumbani jina la dereva na namba ya pikipiki. Ukilazimishwa au kutishwa, mwambie mtu mzima unayemwamini, polisi au mhudumu wa afya, mapema iwezekanavyo.

Wala usidhani safari ni za wavulana tu. Desemba 1934 wasichana wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakakatiza jangwa la Sahara, wakapita Tanganyika, wakafika Cape Town Julai 1935. Safari ya miezi zaidi ya saba! Njiani waliharibikiwa, wakatengeneza, wakaomba msaada, wakaendelea. Hawakufika kwa kukimbia.

IKITOKEA AJALI

Umekuta ajali, au imewapata ninyi. Vuta pumzi, kisha fuata hatua hizi:

1. Zuia ajali ya pili. Weka matawi barabarani pande zote mbili, mtu asimame kuwapungia wenye magari.

2. Je, anapumua? Mwite, mguse bega. Kama anapumua vizuri, mwache na helmeti yake. Kuivuta hovyo kunaweza kuumiza shingo.

3. Damu inatoka kwa wingi? Vaa glavu, au tumia mfuko safi wa plastiki mkononi. Weka kitambaa safi juu ya kidonda na ukandamize kwa nguvu bila kuachia.

4. Usimbebe mikono na miguu kama gunia, wala usimpakie katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Tafuteni ubao au mlango, mumlaze akiwa amenyooka, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze. Tafuteni gari.

5. Pigeni 112. Mmoja aende polisi kuchukua fomu ya PF3 wakati wengine wanampeleka majeruhi hospitali. Msikae kusubiri karatasi huku damu inamwagika.

6. Usimpe pombe, chai wala chakula. Huenda akahitaji upasuaji.

NA SIKU UKIVUKA MPAKA?

Pengine siku moja utakwenda mbali zaidi. Kanuni ni ileile. Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Msumbiji wanaendesha kushoto kama sisi. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Hatari kubwa huwa asubuhi ya pili, unapotoka usingizini na kushika upande uliouzoea. Kwa hiyo weka kivuko mpakani. Lala hapo, tazama wenyeji wanavyopita, uliza, ndipo uondoke. Kwenye kituo cha afya cha kwenu, uliza mapema kuhusu chanjo ya homa ya manjano na kadi yake.

JARIBUNI HAYA KATIKA KLABU YENU

1. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita ngapi kwa sekunde? Daraja la Kivukoni litakwisha kwa sekunde ngapi?

2. Chora ramani ya njia unayopita kwenda shule. Onyesha sehemu tatu ambazo mgeni anaweza kuanguka. Ni nani ungependa amwonye?

3. Igizeni: abiria anamwomba dereva apunguze mwendo, dereva anamkejeli. Abiria aseme nini?

4. Rafiki yako ana homa wiki mbili baada ya kutoka Ifakara. Utamshauri nini?

Haya msomaji, mjomba anawasubiri Mahenge. Mkifika Kivukoni zimeni injini, shukeni, ulizeni. Wanaowapita mbio mtawakuta mbele, wengine kwenye harusi, wengine kando ya barabara wakitafuta kitambaa cha kuzuia damu.

Safari njema.